Wastani Haulimi: Mafunzo Niliyopata Kutoka kwenye Grafu za Tabianchi

Nalima kahawa na migomba kwenye kihamba cha familia, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na mahindi na maharage kwenye shamba la chini, kule tambarare. Kwa miaka mingi pia nimefundisha Jiografia sekondari. Kazi hizi mbili zilikutana pale kikundi chetu cha wakulima kilipoanza kuonyeshwa grafu za tabianchi kwenye semina. Watu walizitazama kwa heshima, wakapiga makofi, kisha wakarudi nyumbani kupanda kama walivyopanda siku zote. Nikajitwika kazi ya kuzisoma pamoja nao, na kila grafu tukaiuliza swali moja: hii inasema nini kwa zao gani, katika wiki ipi? Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na mihimili, mstari baadaye

Macho hukimbilia mstari unaopanda, lakini maana yake imeandikwa pembeni: kinapimwa nini, kwa kizio gani, kipimo kinaanzia wapi, na miaka ni mingapi. Chukua grafu ya hewa ukaa inayopimwa Mauna Loa, Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958. Ilianzia takriban sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa, na sasa imepita 420. Mara nyingi huchorwa kuanzia 310 hivi, kwa hiyo mstari unapanda kwa kishindo. Akitokea wa kusema wachoraji wametia chumvi, mjibu kwa hesabu: ongezeko ni la theluthi nzima, uichore unavyotaka.

Grafu ya pau, kama ya mvua, lazima ianzie sifuri, kwa sababu jicho hupima urefu wa pau. Grafu ya mstari inaweza kuanzia popote, mradi msomaji ajue ni badiliko la kiasi gani lenye uzito kwa zao lake. Nyuzi mbili za Selsiasi ni kitu kidogo kwenye karatasi. Kwa mbuni wa arabika, unaostawi vizuri penye wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi, nyuzi mbili ni nusu ya nafasi yote uliyo nayo.

2. Uliza wastani ni wa miaka ipi

Grafu nyingi za joto hazionyeshi joto lenyewe. Zinaonyesha tofauti kati ya mwaka husika na wastani wa kipindi fulani, na mstari wa sifuri ndio wastani huo. Mama mmoja katika kikundi aliona takwimu mbili za mwaka 2024, moja ikisema 1.6 na nyingine 0.72, akauliza: "Mwalimu, nani anatudanganya?" Hakuna aliyedanganya. Zote zilitoka kwa Copernicus, huduma ya Ulaya inayofuatilia tabianchi. Mwaka huo ulizidi wastani wa 1850–1900 kwa nyuzi 1.6, na ukazidi wastani wa 1991–2020 kwa nyuzi 0.72. Joto ni lile lile, ila limepimwa kutoka sehemu mbili.

Jambo hili lina uzito kwetu. Tukijipima kwa miaka ya karibuni tu, tunalisahau joto ambalo tayari limeshamezwa na wastani. Kila wastani una tarehe zake. Zitafute kabla hujakubali au kukataa chochote.

3. Tenganisha meno ya mstari na mwinuko wake

Mstari wa Keeling una meno kama msumeno. Kila mwaka hufika kilele mwezi Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba, wakati misitu na mashamba ya kaskazini mwa dunia yanapovuta hewa ukaa. Meno ni ya kweli, na mwinuko ni wa kweli. Kimoja hakikanushi kingine.

Mvua zetu pia zina meno. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Kuanzia mwishoni mwa 2020, Pembe ya Afrika ikakosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño na mafuriko. Mtu akikuonyesha kipande cha miaka mitatu anaweza kukuaminisha lolote. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima tabianchi kwa vipindi vya miaka 30. Kwa muda mrefu wapo walioanzisha grafu zao mwaka 1998, ambao El Niño iliupandisha joto kuliko kawaida, ili miaka iliyofuata ionekane imetulia. Mimi huwaambia wenzangu wafunike kwa kiganja miaka mitano ya mwanzo na mitano ya mwisho. Mwinuko ukibaki, ni wa kuaminika.

4. Jumla ya mvua ya mwaka haimwambii mkulima apande lini

Hapa ndipo grafu nyingi zinapotuacha njiani. Tuseme misimu miwili imepata milimita 400 kila mmoja. Wa kwanza umezigawa kwa majuma kumi na mawili. Wa pili umemwaga nusu yake kwa siku chache, ukanyamaza majuma matatu, kisha ukarudi mahindi yameshakunjamana. Kwenye grafu ya jumla, pau mbili zina urefu sawa. Ghalani, mmoja umelisha familia na mwingine haukulisha.

Fizikia inaeleza kwa nini mgawanyo huu unaharibika. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Inapoachilia, hunyesha kwa nguvu. Inapokaa bila kunyesha, hunyonya unyevu wa udongo kwa kiu kubwa zaidi. Kwa hiyo dunia inayopata joto inaweza kutuletea mafuriko na ukavu ndani ya msimu mmoja, na jumla ya mwaka isibadilike.

Siku hizi nikipewa takwimu za mvua naomba mambo manne: mvua ilianza lini, iliisha lini, kipindi kirefu zaidi cha ukavu kilikuwa cha siku ngapi, na kiliangukia wapi katika umri wa zao. Takwimu za kila siku zinaweza kuyajibu yote manne, lakini lazima mtu aziombe.

5. Zao lina mpaka wake, na wastani hauuonyeshi

Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanyika Afrika. Walitumia kipimo kinachojumlisha muda na ukali wa joto lililozidi nyuzi 30: siku nzima iliyokaa kwenye nyuzi 31 huhesabiwa moja. Kila siku moja ya aina hiyo ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ilipotosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame.

Angalia maana yake. Wastani wa mwezi ukipanda kwa nyuzi moja, zile siku zilizokuwa zikiishia 29 na kitu sasa zinavuka mpaka. Mstari wa wastani umesogea kidogo, lakini siku za kudhuru zimeongezeka sana. Na siku hizo hazina uzito sawa msimu mzima. Joto kali mahindi yanapotoa mbelewele hudhoofisha chavua, na ukavu huchelewesha nywele za gunzi. Chavua na nywele zikipishana, gunzi hutoka na mapengo hata kama jani ni la kijani.

Ndiyo maana kwenye shamba la chini tunaiangalia sana Januari. Mahindi ya vuli yaliyopandwa Novemba hutoa mbelewele wakati huo, na ni kipindi cha joto kali huku tambarare. Mwenye mbegu ya muda mfupi aliyepanda mvua za kwanza anaweza kuwahi kabla ya joto kupamba moto. Mwenye mbegu ya muda mrefu aliyechelewa anaupeleka mmea wake pale pale penye hatari. Uamuzi huo hautoki kwenye grafu ya wastani wa mwaka. Unatoka kwenye grafu ya joto la juu la kila siku, ukiiwekea kalenda ya zao chini yake.

6. Usiku nao una mstari wake

Tukizungumzia joto tunafikiria jua la saa nane mchana. Vituo vya hali ya hewa hupima mara mbili: joto la juu kabisa na la chini kabisa, ambalo mara nyingi ni la alfajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za Tanzania tangu miaka ya 1960, ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo linalofungamana zaidi na kushuka kwa mavuno ya arabika. Kila nyuzi moja ya ziada usiku iliendana na upungufu wa takriban kilo 137 kwa hekta. Kwa mkulima mdogo anayevuna kilo mia chache kwa hekta, hiyo ni ada ya shule ya mtoto.

Usiku wenye joto mmea hupumua kwa kasi na kuunguza sukari uliyoitengeneza mchana. Matunda huiva haraka kabla buni hazijajaa. Na yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni huzaliana haraka zaidi palipo na joto, na huweza kupanda hadi sehemu za mlima zilizokuwa baridi mno kwake.

Fundisho hili linaniumiza kuliko mengine, kwa sababu usiku hauna mwavuli. Miti ya kivuli na matandazo ya majani ya migomba hupunguza ukali wa mchana na kutunza unyevu, nasi tunavitumia. Lakini anayeshauri kahawa ihamie juu zaidi ajue kwamba juu yetu kuna msitu wa hifadhi, na msitu huo ndio unaotupa maji. Hatuna pa kupanda. Tunahitaji utafiti wa mbegu zinazovumilia, na tunauhitaji sasa.

7. Mistari miwili ikienda pamoja, tafuta kinachoiunganisha

Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia 2007 asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Katika kipindi hicho mifongo mingi, ile mifereji ya asili ya Wachagga, imepungua maji. Ukichora mistari hiyo miwili pamoja utashawishika kwamba barafu ndiyo inayolisha mifongo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maji yetu hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu chini ya barafu hiyo. Anayesoma grafu haraka ataomboleza kilele. Anayeuliza maji yanatoka wapi atazuia moto msituni.

8. Soma rangi na vivuli kwa makini

Ramani za utabiri wa msimu za ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda yetu, huonyesha rangi na asilimia. Rangi ya kijani yenye asilimia 45 haisemi kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Inasema kuna uwezekano wa 45 kwa 100 kwamba msimu utaangukia kwenye theluthi ya misimu yenye mvua nyingi. Zimebaki nafasi 55 za kutokea vinginevyo. Kwa hiyo sipandi shamba zima kwa kutegemea rangi moja: sehemu huenda kwa mahindi, sehemu kwa mtama au mihogo.

Grafu za miaka ijayo nazo zina kivuli kuzunguka mstari, na hupanuka kadiri miaka inavyosonga. Hadi karibu katikati ya karne mistari ya njia mbalimbali za uzalishaji wa hewa ukaa bado inakaribiana. Baada ya hapo inaachana sana, na kinachoitenganisha ni maamuzi ya binadamu. Kuhusu masika ya Afrika Mashariki kuna fumbo linalojulikana kwa wanasayansi: vipimo vya miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 vilionyesha kupungua, ilhali modeli nyingi zinatabiri kuongezeka. Kujua hilo hakunivunji moyo. Kunanifundisha kuandaa shamba kwa pande zote mbili: makinga maji ya kuzuia mmomonyoko, na mashimo ya kuhifadhi unyevu.

9. Chora ya kwako

Kipima mvua cha plastiki, daftari na kalamu vinatosha kuanza. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na ukisome asubuhi saa ile ile. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo mvua ya milimita 25 kwenye ekari moja ni takriban lita laki moja za maji. Mkulima akishajua hesabu hiyo, kuacha maji hayo yatiririke barabarani kunamkera.

Chini ya pau za mvua tuliandika siku ya kupanda, ya kupalilia, ya mbelewele na ya kuvuna. Mazungumzo ya kikundi yakabadilika. Wazee walileta kumbukumbu zao, vijana wakaleta simu zao, na mabishano ya kama "mvua zimebadilika" yakapata ushahidi wa kushika mkononi.

Afrika yote huzalisha chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na tuna haki ya kudai kwamba waliozalisha nyingi wapunguze na wachangie gharama. Tuna haki pia ya kudai takwimu za kituo kilicho karibu nasi, za kila siku, katika lugha yetu, zikiwa zimebandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mtaalamu akija na grafu kijijini kwako, mwombe aweke kalenda ya mazao yenu chini yake kabla hajaanza kuzungumza.