"Ndio Mzee" inamsuta nani?

Darasani tunafundishwa kwamba msanii na nafsineni ni watu wawili. Mimi nililielewa hilo likizo, nyumbani Holili, kwenye kaseti ya mjomba: Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay (2001).

Katika "Ndio Mzee" Jay hamtukani mwanasiasa. Anakuwa yeye. Anapanda jukwaani, anamwaga ahadi, umati unaitikia. Wengi husema wimbo unamsuta mgombea. Mi nakataa. Sikiliza kiitikio: ahadi zinazidi kuwa za ajabu, jibu ni lile lile. Tunaosutwa ni sisi. Niliwahi kupiga makofi kwenye kampeni kijijini kabla hata sijasikia ameahidi nini. Mpaka leo naona haya.

"Bongo Dar es Salaam" nzuri, ila inaonya waziwazi, haikuachii kazi ya kufikiri. (Mashabiki wake mnisamehe.)

Mwaka 2015 Jay mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi. Tangu nijue hilo, kile kiitikio kinanikaa vibaya zaidi masikioni.

Wagombea wetu wa serikali ya wanafunzi wakianza kupita mabwenini, swali langu la maji ninalo tayari.