Kishikwambi Darsani: Vipi Kukinyamazisha



Majuma machache yaliyopita, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, sheikh alikuwa amefika mahali pazito katika mlango wa mirathi, na watu wote wametulia wakimsikiliza, mara kukasikika muziki wa harusi ukitoka katika mkoba mmoja. Mwenye mkoba wala hakushtuka. Alikuwa na yakini kuwa chombo kinacholia si chake, kwani simu yake aliinyamazisha mlangoni kabla ya kuvua viatu. Muziki ukalia mpaka ukakoma, kisha ukaanza tena. Watu wakatazamana. Mara ya tatu ndipo mtu yule alipokumbuka kuwa mkobani mna kishikwambi, alichokichukua ili afuate matini ya kitabu, na kuwa WhatsApp yake ameiunganisha simu na kishikwambi pamoja, akipigiwa huku hulia na kule. Mtu huyo ni mimi niandikaye maneno haya. Basi somo hili silitoi kwa kuwa mimi ni fundi, nalitoa kwa kuwa nimefedheheka, na baada ya kufedheheka nikakaa nikajifunza.

Huenda mtu akasema: Kishikwambi kina kazi gani darsani? Na kiachwe nyumbani, tuje na kalamu na karatasi kama walivyokuja wazee wetu. Twamjibu kuwa vitabu vingi tuvisomavyo havipatikani madukani kwetu, na mtu mmoja huweza kuchukua katika kishikwambi juzuu ambazo asingeweza kuzibeba begani. Na wako wazee wetu ambao nuru ya macho imepungua, nao hukuza herufi mpaka zikawa za kusomeka bila ya tabu. Chombo chenye manufaa kama haya hakitupwi kwa sababu ya kelele zake. Kelele ndizo ziondolewazo.

Asili ya makosa yetu ni kudhani kuwa kishikwambi kina sauti moja, ukiishusha imeshuka. Sivyo. Ndani yake mna sauti kadhaa, na kila moja ina kipimo chake mbali, mfano wa nyumba yenye milango mingi: kufunga mlango wa mbele si kufunga wa uani. Kuna sauti ya maudhui, nayo ni ile ya kisomo, mawaidha, video na michezo ya watoto. Kuna mlio wa simu, na usidhani kuwa kishikwambi kisichotiwa laini hakina mlio, kwani WhatsApp na mfano wake hulia kwa intaneti peke yake. Kuna sauti ya arifa, kale kamlio kafupi ka kukujulisha kuwa kuna ujumbe. Na kuna kengele ya kumwamsha mtu alfajiri. Katika baadhi ya vishikwambi mlio wa simu na sauti ya arifa hushikwa na kipimo kimoja, na katika vingine kila kimoja kina chake.

Sasa tazama jinsi mtu anavyodanganyika. Yuaingia msikitini, yuabonyeza kitufe cha pembeni mpaka mstari wa sauti umekwisha, na moyo wake umetua. Lakini tangu toleo la 9 la Android, lililotoka mwaka 2018, kitufe kile kwa asili yake hushusha sauti ya maudhui tu, wala hakiugusi mlio wa simu. Kabla ya hapo, aghlabu mambo yalikuwa kinyume chake. Kwa hivyo aliyejifunza zamani yuatenda lile lile alilolizoea, na mkono wake haukukosea, chombo ndicho kilichobadilika. Dawa yake ni hii: abonyeze kitufe mara moja, na mstari ukitokea kiooni aguse alama ndogo iliyo karibu nao, ambayo katika vingi huwa ni nukta tatu au picha ya gurudumu. Hapo zitamtokea sauti zote zimepangwa, ashushe aitakayo. Akiikosa alama hiyo, na aingie katika Mipangilio, atafute mahali palipoandikwa Sauti. Chombo hiki hukubali kusema Kiswahili, na mwenye kutaabika na Kiingereza na akibadilishe lugha, hapana aibu.

Wenye iPad wana khabari nyingine. Zile za mwanzo, za mwaka 2010, zilikuwa na swichi ubavuni iliyoweza kufanya kazi ya kunyamazisha, lakini tangu iPad Air 2 ya mwaka 2014 swichi hiyo ikaanza kuondolewa, na wako mpaka leo wanaoitafuta kwa vidole. Siku hizi mtu huvuta kwa kidole kutoka pembe ya juu ya kulia kushuka chini, na katika alama zitakazotokea akagusa ile ya kengele. Ajue lakini kuwa hapo amenyamazisha milio na arifa tu. Video ikifunguliwa itasema, na kengele ya saa aliyoitegesha italia kama kawaida.

Neno hili la kengele lataka kuzingatiwa, kwani laingia katika jambo linalotuhusu sisi khasa. Wengi wetu tumetia programu za adhana. Ni kitu chema kwa msafiri, na kwa mwenye kukaa mbali na msikiti. Lakini watengenezaji wake hawakuafikiana ni mlango gani sauti itokee: iko programu iitoayo adhana kama arifa, iko iitoayo kama kengele, na iko iitoayo kama kisomo. Ndiyo maana mtu hunyamazisha kishikwambi chake barabara, kisha imamu yumo katika rakaa ya pili, adhana ikalia ndani ya safu, kwani hesabu ya programu imechelewa na saa ya msikiti imetangulia. Sijui aibu iliyo ya ajabu kuliko kuharibiwa Sala na adhana. Mwenye programu kama hiyo na aifungue yenyewe, katika mipangilio yake ya ndani, aifanye imjulishe kwa maandishi tu wakati anapokuwa mjini.

Wako walioona tabu zote hizi wakasema: Tufunge kila kitu. Nami nilikuwa mmoja wao. Baada ya fedheha yangu nilirejea nyumbani usiku ule ule, nikaiendea ile hali iitwayo Usinisumbue, nikaiwasha katika simu na katika kishikwambi, na kila ruhusa niliyoiona nikaiondoa, pasibaki mtu wala kitu cha kunifikia. Nikalala salama. Alfajiri nilipoamka nikakuta dada yangu amenipigia mara saba. Mama yetu alikuwa amezidiwa, na dada akahangaika peke yake kutafuta gari ya kumpeleka hospitali. Alhamdulillahi mama alipata afueni. Lakini dada yangu aliponiona mlangoni wa wodi hakunilaumu hata kwa neno moja, akanisogezea kiti tu, na hilo limenikaa moyoni kuliko lau angelinitukana.

Nilipokwenda kulitazama jambo hili kwa utulivu nikaona kuwa kosa si la ile hali ya Usinisumbue, ni la ujinga wangu. Hali ile imewekewa mlango mdogo wa dharura, nami niliupiga komeo bila ya kuusoma. Katika Android, ndani ya Usinisumbue, mna mahali pa kuwachagua watu watakaoruhusiwa simu zao kulia: mtu humweka mama, mke, ndugu anayemtunza mgonjwa, na wengine wote wakasubiri. Kisha pana ruhusa ya mwenye kurudia: mtu yule yule akipiga mara ya pili kabla ya dakika 15 kupita, simu yake italia. Katika vyombo vya Apple pia ruhusa hiyo imo, lakini muda wake ni dakika 3 tu, na hali yenyewe huwashwa kwa alama ya mwezi mwandamo. Haya ni kwa simu za laini. Zile za WhatsApp zisitegemewe mpaka zijaribiwe, kwani si katika kila chombo hufuata kanuni hiyo. Waambieni jamaa zenu: ukiwa na shida ya kweli, nipigie kwa laini, na nisipoitika piga tena papo hapo.

Hali hii pia yaweza kuwekewa saa, ikaanza na kukoma yenyewe, tuseme kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili za usiku kwa siku za darsa. Hilo ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu, kwani anayesahau kunyamazisha ndiye yule yule asahauye kurejesha. Na mwenye simu na iPad za akaunti moja yuaweza kuifanya hali hiyo ishikane, akiiwasha huku imewaka na kule. Lau ningelikuwa na vyombo hivyo na kuyajua hayo, muziki wa harusi usingelisikika. Wenye vyombo mchanganyiko kama mimi hatuna ila kunyamazisha kimoja kimoja.

Michezo ya watoto nayo ni balaa mbali. Kishikwambi cha nyumbani hutumiwa na baba kwa kitabu na mtoto kwa mchezo, na mchezo ule huita usiku na mchana: njoo, zawadi yako yakungoja. Tangu Android ya 13, ya mwaka 2022, programu mpya hutakiwa kuomba idhini kabla ya kuleta arifa, basi mtoto asiachiwe yeye kuitoa. Na ile iliyokwisha pewa idhini, arifa yake ikitokea ibonyezwe kwa kidole na kushikiliwa, patatokea pa kuchagua Kimya, au pa kuizima kabisa.

Na ikiwa, pamoja na tahadhari zote hizi, kimelia na mtu yumo ndani ya Sala? Nimeona watu wakiuacha mlio mpaka mwisho wake, wakidhani kuwa kuunyosha mkono ni kubatilisha. Hayo si sawa. Imethubutu katika hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali huku amembeba Umama binti Zaynab, mjukuu wake, akisujudu humweka na akisimama humchukua. Katika madh-habu yetu ya Shafi, kinachobatilisha ni matendo mengi yafuatanayo, nayo yahesabiwa kuwa mengi yanapofika matatu. Kutikisa vidole kwa wepesi, kiganja kimetulia, hakubatilishi. Na vyombo vingi, simu inapolia, hunyamaza kwa kubonyezwa kitufe cha ubavuni mara moja tu. Basi uzito hauko katika kukibonyeza, uko katika mahali kilipo. Kilicho sakafuni mbele ya mtu, au mfukoni, mkono hukifikia. Kilicho ndani ya mkoba, ndani ya mfuko wa kitambaa, na mkoba wenyewe una zipu, hicho ndicho kitakachomtoa mtu katika Sala yake, akitake asikitake. Na wanaomsumbukia ni safu nzima, ilhali tunajua kuwa Mtume aliwakataza masahaba kupandishiana sauti msikitini hata katika kisomo cha Qur'ani, seuze huu muziki wetu.

Juma lililopita nilikuja tena na kishikwambi changu, nikakiweka juu ya marfaa, wazi. Kabla ya kutoka nyumbani nilimwambia kijana wangu anipigie kwa WhatsApp, kimya. Akanitumia ujumbe, kimya. Kisha nikampigia dada yangu, nikamwambia apige kwa laini: simu yangu ikalia. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, najaribu tu.