Dondoo muhimu: Kumbukumbu ya HSTS kwenye libcurl

Tovuti yenye HSTS, kanuni iliyotoka 2012 kama RFC 6797, huiagiza programu inayoitembelea isirudi tena kwa HTTP tupu hadi muda uliotajwa uishe. Muda huo hutajwa kwa sekunde: 31536000 ni mwaka mmoja. Vivinjari hukumbuka vyenyewe. Maktaba ya libcurl haikumbuki mpaka uiombe: taja faili kwa CURLOPT_HSTS, au --hsts ukiwa kwenye teminali.

Faili lenyewe ni maandishi ya kawaida, kila tovuti na mstari wake na tarehe ya kuisha. Nukta mbele ya jina huonyesha kwamba vikoa vyake vidogo vimo pia. Bana ruhusa za kulisoma, maana linaonyesha programu yako inatembelea wapi.

Linalosahaulika zaidi: faili huandikwa unapoita curl_easy_cleanup kufunga kazi. Programu ikizimwa ghafla, yote iliyojifunza yamepotea. Programu mbili nazo zisichangie faili moja, kwani itakayoandika mwisho itafuta ya mwenzake. Unapendelea hifadhidata kuliko faili? Zipo CURLOPT_HSTSREADFUNCTION na CURLOPT_HSTSWRITEFUNCTION. Toleo la curl lisiwe chini ya 7.88.0, kwani matoleo ya nyuma yaliweza kusahau maagizo hayo anwani kadhaa zilipofuatana katika amri moja.