Fahamu: Kwa Nini Titani Hushikana na Mfupa

Wakazi wa Kwale wanaijua titani kama madini. Kuanzia 2013 hadi mwishoni mwa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba hapa mchanga wenye ilmenaiti, rutaili na zirikoni. Duniani, sehemu kubwa ya madini ya titani hutengenezewa rangi nyeupe ya kupaka nyumba, karatasi na plastiki. Sehemu ndogo husafishwa ikawa metali, na baadhi ya metali hiyo huingia hospitalini kama skrubu, vyuma vya kuunga mifupa, nyonga bandia na mizizi ya meno bandia.

Wagonjwa waliovunjika mifupa, wakiwemo majeruhi wa ajali za bodaboda, huuliza: chuma hiki hakitashika kutu mwilini?

Utando usioonekana

Titani ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi, mwembamba mara maelfu kuliko unywele. Utando huo huikinga dhidi ya chumvi iliyo kwenye damu, na ukikwaruzwa hujijenga upya. Tena titani ni nyepesi kuliko chuma, na hunyumbuka zaidi. Hilo ni muhimu, kwa kuwa kifaa kigumu mno hubeba mzigo wote, na mfupa usiobeba mzigo hudhoofika.

Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mifupa ya sungura. Alipotaka kuondoa vifaa vyake vya titani, havikutoka: mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani.

Kazi ya kauri

Ili mfupa ushike mapema, baadhi ya nyonga bandia hupakwa haidroksiapatiti. Hii ni kauri inayofanana na madini yanayoipa mifupa na meno ugumu wake.

Hata hivyo, titani hulika inaposuguana. Kwa hiyo kichwa cha nyonga bandia hakitengenezwi kwa titani tupu. Daktari Pierre Boutin wa Ufaransa alianza kutumia kauri ya alumina mwaka 1970. Kauri nyingine, zirkonia, hutokana na zirikoni, na leo hutumika sana kufunika meno yaliyoharibika.

Mgonjwa azingatie nini?

Si kila chuma cha hospitali ni titani. Vingi ni chuma kisichoshika kutu, navyo hufanya kazi vizuri. Hatari kubwa ni viini, si kutu. Viini vikikaa juu ya chuma hujifunika kwa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Kwa hiyo:

• Usikandwe wala kupakwa dawa za kienyeji kwenye kidonda cha upasuaji.
• Usikanyagie mguu kabla ya daktari kuruhusu. Chuma hushikilia tu. Mfupa ndio unaopona.
• Acha sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga.
• Ukiona usaha, uvimbe, homa au maumivu yanayozidi, hata baada ya miezi mingi, rudi hospitali mara moja.
• Tunza kadi na picha za eksirei, na umweleze mhudumu kuwa una chuma kabla ya kipimo cha MRI.

Usiache kliniki kwa sababu maumivu yameisha. Picha ya eksirei ndiyo itakayoonyesha kama mfupa umeunga.