Minyoo wenye kuua funza



Kila mara tunapotaja minyoo ya udongo kwenye mkutano wa Mudaka, watu wanawaza mizizi ya nyanya yenye vinundu na migomba inayoangushwa na upepo. Ni kweli, minyoo hao wako na wanatuharibia. Lakini wako wengine, Steinernema na Heterorhabditis, wadogo sana, hawagusi mmea. Wanakula wadudu tu. Mtu akimwaga dawa ya minyoo shamba lote, anawaua hao pia, na pesa yake imekwenda.

Mnyoo huyu anabeba bakteria tumboni. Anamwingia funza kupitia mdomo, nyuma, ao vitobo vya kupumulia, halafu anawaachilia bakteria ndani ya damu. Wanazaana, wanatia sumu, na funza anakufa kwa siku moja ao mbili. Kiisha wanalainisha nyama, na mnyoo anakula ule mchuzi pamoja na bakteria wenyewe. Bakteria hao wanatoa pia dawa yenye kuzuia mikrobe zingine, ndiyo maana maiti haiozi haraka. Wiki moja ao mbili zikipita, watoto wa minyoo wanatoka kwa maelfu, kila mmoja na bakteria wake, kama mama anayehama na mbegu yake ya maharage ndani ya kikapo.

Ukilima, angalia funza waliokufa. Mwekundu kama tofali ni kazi ya Heterorhabditis. Kwa giza kabisa anatoa mwangaza kidogo (tusidanganyane, si taa). Wa rangi ya udongo mkavu anaweza kuwa wa Steinernema. Mweusi mwenye kunuka, hapana. Usiwachome wale wawili. Wafukie penye kivuli na unyevu, juu ya jua na ukavu minyoo wanakufa.

Jirani zetu wa Rwanda wanawazalisha kwa labo ya Rubona tangu 2014. Watafiti wamewajaribu hata kwa kiwavi jeshi: wanawatia ndani ya moyo wa muhindi wakiwa wamechanganywa na kitu cha kunata kama uji, chenye kushika maji.

Sisi hatuna minyoo ya kugawa. Ila unaweza kupima udongo wako: jaza kopo udongo wenye unyevu uliotoka chini ya majani ya mgomba, tia funza watano wazima, toboa kifuniko, weka kivulini siku tano. Akipatikana mwekundu, mlete kwa mkutano ujao ndani ya kopo lile lile.