Makengeza na Jicho Vivu: Kwa Nini Huzibwa Jicho Linaloona Vizuri?

Swali la kuanzia
Mtoto wa miaka 4 ana makengeza: jicho lake la kushoto limeelekea puani. Daktari anaziba jicho la kulia, lile linaloona vizuri. Je, amekosea? Soma maelezo haya, kisha jibu mwenyewe.

1. Jicho vivu ni nini?
Jicho hupokea mwanga, lakini ubongo ndio unaotambua picha. Macho yakiwa yamenyooka, ubongo huunganisha picha mbili kuwa moja. Kwenye makengeza, kila jicho hutazama upande wake. Anayepata makengeza ukubwani kwa kawaida huona vitu viwiliviwili. Ubongo wa mtoto mdogo hukwepa usumbufu huo kwa kupuuza picha ya jicho lililogeuka. Hali hiyo ikiendelea, njia za kuona za jicho hilo katika ubongo hazikui inavyotakiwa. Hilo ndilo jicho vivu: hata likivishwa miwani sahihi, halioni vizuri.

2. Kwa nini umri ni muhimu?
David Hubel na Torsten Wiesel walifunga jicho moja la watoto wa paka. Lilipofunguliwa baada ya miezi michache, seli nyingi za sehemu ya ubongo inayohusika na kuona hazikuitikia tena jicho hilo. Paka wakubwa waliofungwa jicho vivyo hivyo hawakupata athari hiyo. Kwa kazi yao kuhusu mfumo wa kuona, wanasayansi hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa binadamu, tiba hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Baada ya hapo mafanikio hupungua.

3. Tiba
(a) Miwani, ikiwa mtoto anaihitaji.
(b) Kibandiko juu ya jicho zuri, ili ubongo ulazimike kutumia jicho vivu. Daktari hupanga saa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa kwa tatizo la wastani, saa 2 kwa siku zilileta nafuu sawa na saa 6.
(c) Matone ya atropini, yanayotia ukungu jicho zuri badala ya kuliziba.

Zingatia
- Kibandiko huimarisha uwezo wa kuona, hakinyooshi makengeza. Kunyoosha jicho huweza kuhitaji miwani au upasuaji.
- Siku za mwanzo mtoto hulia, hujikwaa na kubandua kibandiko, kwa kuwa amebaki na jicho dhaifu. Mzazi akimhurumia na kuacha tiba, mtoto anaweza kukua akitegemea jicho moja tu.
- Kuziba kupita kiasi huweza kudhoofisha jicho zuri. Kwa hiyo, mtoto arudishwe kliniki kila anapopangiwa.

Swali la marudio
Eleza kwa nini daktari wa mtoto yule hakukosea. (Alama 3)

Mwongozo wa jibu: Ubongo umezoea kupuuza jicho la kushoto (1). Jicho la kulia likizibwa, ubongo hulazimika kutumia la kushoto (1). Katika umri wa miaka 4, njia za kuona katika ubongo bado zinaweza kujengeka (1).