Mlinzi wa Amani na Mpaka wa Kazi Yake

Habari za walinzi wa amani husikika mara kwa mara katika redio, na watu wengi huuliza: Je, askari wageni waweza kuleta amani katika nchi ambayo wenyeji wake wanauana wao kwa wao? Juma hili twataka kulieleza jambo hilo kwa mifano.

Askari hao hutumwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Umoja huo hauna jeshi lake. Huomba askari kwa nchi wanachama, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa zilizowatoa. Kazi yao ya asili si kushinda vita, bali ni kusimama kati ya wagombanao ili mapatano yao yapate kutimizwa.

Mfano mwema ni Msumbiji. Mwezi wa Oktoba 1992 serikali na watu wa Renamo walitia sahihi mapatano mjini Roma. Walinzi walikuja, wakasimamia kukusanywa kwa silaha, na Oktoba 1994 watu wakapiga kura. Walifaulu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimechoka na vita, nazo zilikwisha kupatana kabla walinzi hawajafika.

Rwanda ni mfano wa msiba. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, walinzi walikuwa kama 2,500 tu, na amri waliyopewa haikuwatosha kuyazuia. Badala ya kuwaongeza, Baraza liliamua kuwapunguza hadi 270. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa.

Yaonekana basi kwamba walinzi wengi wenye amri ya kupigana wangetosha. Walakini Kongo yatufunza zaidi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, ijapokuwa walinzi walikuwa maelfu nchini. Mwaka 2013 ikaundwa brigedi ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wenye amri ya kushambulia. Na kabla mwaka haujaisha, waasi walishindwa. Lakini chanzo cha ugomvi hakikuondolewa. Mwishoni mwa 2021 M23 waliinuka tena, na Januari 2025 Goma ikatekwa mara ya pili.

Msomaji wa Minjila au Garsen hana haja ya kwenda mbali ili aufahamu ukweli huu. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, na kisasi kikajibiwa kwa kisasi. Tarehe 10 Septemba watu 38 waliuawa Kilelengwani, na tisa kati yao walikuwa polisi. Serikali ikapiga marufuku kutembea usiku, na polisi wengi wakaletwa. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba kijiji cha Kipao kilishambuliwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hao hawakuwa askari wageni. Walikuwa askari wa serikali yenyewe. Ikiwa hao walipata taabu kiasi hicho katika bonde la mto mmoja, mgeni asiyejua lugha wala njia atapata taabu mara ngapi?

Sababu yake yajulikana na kila mtu wa Tana. Mkulima Mpokomo hutaka shamba lake la ukingoni lisikanyagwe. Mfugaji Muorma hutaka malka, yaani njia ya ng'ombe kufika majini wakati wa kiangazi. Bunduki ya polisi yaweza kumzuia mtu mwenye panga au mkuki usiku huu, lakini haiwezi kuamua malka ipite wapi.

Je, walinzi hawana faida? Wanayo, tena kubwa. Huokoa maisha, na huwapa wagombanao muda wa kuzungumza bila hofu. Lakini muda huo ukipotezwa bure, vita hurudi. Ndiyo maana mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ya Tana, uliotolewa mwaka 2015 baada ya wakulima na wafugaji kushauriwa, ni jambo la maana sana. Mpango huo hauna nguvu ukikaa ofisini. Nguvu yake itaonekana wakati wa kiangazi, malka zitakapoachwa wazi na mashamba yatakapoheshimiwa. Wazee walisema kweli: wagombanao ndio wapatanao.